Bunduki ya bei chee au ya bei mbaya? Tuiulize Tabora

Kimya changu ni majaribio tu, si kingine. Leo nataka niseme neno juu ya ubishi ambao umetukosesha usingizi hapa hosteli wiki nzima: mtu anayetaka kulenga shabaha kama mchezo, anunue bunduki ya bei chee au ajibane mpaka apate ya bei mbaya?

Walioanzisha ni jamaa waliopita JKT kwa mujibu wa sheria, ule mpango uliosimama mwaka 1994 ukarudishwa 2013. Si mnawajua, mtu akishapiga risasi chache uwanjani tayari ni bingwa. Kambi ya kwanza inasema bunduki ni bunduki, cha maana ni mpigaji. Kambi ya pili inasema rahisi ni ghali, basi. Mie naona kila kambi ina nusu ya ukweli, na tukitaka kuziunganisha nusu hizo hatuna haja ya kwenda mbali. Tuko Tabora jamani, kitovu cha njia ya misafara!

Karne ya 19 mizigo mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na bunduki zilikuwemo. Zilizojaa zilikuwa za bei chee: gobore za gumegume na za fataki, nyingi zikiwa mitumba ya majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yanabadili silaha. Naam, mitumba haikuanza na suruali. Gobore unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unatia goroli ya risasi, unashindilia kwa mdeki, ndipo unalenga. Mtutu ni laini ndani na goroli imelegea, kwa hiyo inagongagonga njiani na kutoka na upande inaoupenda yenyewe. Shabaha ikiwa mbali kidogo, hapo unamwomba Mungu tu.

Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871, orodha ya silaha aliyoichapisha mwenyewe ilikuwa na Winchester moja ya risasi 16, Henry moja ya risasi 16, na bunduki 24 za gumegume. Hamhitaji kuambiwa ipi ilikuwa ya bwana mkubwa na zipi zilikuwa za askari wa msafara.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Agosti mwaka huo huo Waarabu wa Tabora walitoka na watu zaidi ya 2,000 kwenda kumpiga Mirambo, na Stanley akajiunga nao na silaha zake. Waliteka vijiji, wakafurahi, wakaanza kurudi na pembe za ndovu na mateka. Watu wa Mirambo wakawangojea njiani porini, wakawamaliza. Jeshi lililobaki likatawanyika, na Stanley naye akarudi mbio Kwihara. Baadaye mwezi huo huo Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Silaha za pande mbili zilikuwa zinakaribiana, gobore kwa gobore, na bunduki chache za kisasa hazikuweza kubadilisha kitu. Aliyejua kungoja ndiye aliyeshinda. Kambi ya kwanza, hapo mmepata pointi yenu.

Lakini msikimbilie kushangilia. Mwaka 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa, zenye mifereji ndani ya mtutu na za kujazwa kwa nyuma, zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Za gumegume zenye mtutu laini, hizo ziliweza kuruhusiwa. Lengo lililotajwa lilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, sawa, lakini serikali za kikoloni zenyewe zilibaki na silaha zao nzuri. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivamia boma ya Mtemi Isike hapa hapa Unyanyembe. Isike alipoona mambo yamekwisha alilipua ghala lake la baruti akiwa humo humo ndani. Ushujaa ulikuwepo tele. Pengo la silaha lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko ushujaa.

Na Wajerumani wenyewe walikuja kuonja dawa yao. Vita ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wao wengi hapa walikuwa na Mauser ya mtindo wa 1871, ya risasi moja moja na baruti ya moshi. Ukipiga tu, wingu jeupe linamwambia adui ulipojificha. Hata ungekuwa na jicho la mwewe, moshi ule hauna dawa.

Kwa hiyo mie nasema hivi: swali la bei chee au bei mbaya limeulizwa vibaya. Swali ni kasoro gani inaweza kuzibwa na mazoezi, na ipi haizibiki. Mkono unaotetemeka unazibika. Pumzi isiyotulia inazibika. Mtutu unaotupa risasi kila upande hauzibiki, hata ukifanya mazoezi miaka kumi. Tena ni mbaya zaidi kwa mwanafunzi, maana hutajua kama umekosea wewe au imekosea bunduki, na mtu asiyejua kosa lake hawezi kulirekebisha.

Tazameni bunduki ya upepo ya mita 10 kwenye Olimpiki. Duara la pointi kumi ni kidoti cha nusu milimita, na kirisasi chenyewe kina kipenyo cha milimita 4.5! Pale ndipo bei mbaya inapopata maana. Bunduki za ngazi ile zina bei ya kununua bodaboda zaidi ya moja, na kinachonunuliwa ni mtutu wa uhakika, mtambo mwepesi wa kufyatulia, na kitako kinachorekebishwa kikae sawa na bega lako. Anayeanza hahitaji hayo yote. Anahitaji mtutu mzuri, mtambo usiokwama, na hela ya kutosha ya risasi. Bunduki ya kifahari isiyo na risasi ni pambo la ukutani. Nunua ya wastani, pesa inayobaki iteketeze uwanjani.

Sasa neno kwa wale wawili waliosema eti dawa ni kumtafuta fundi wa kijijini awachongee gobore. Hapana, wandugu. Kwanza, kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na serikali imeshatangaza misamaha ya kusalimisha silaha ili watu wajitoe kwenye balaa hilo. Safari ya bunduki inaanzia polisi, kwenye leseni, haianzii kwa fundi. Pili, bomba lililochongwa uani halijapimwa na yeyote. Likipasuka linapasuka mbele ya uso wako, na vidole havina spea.

Tusisahau jambo moja. Mnyamwezi wa mwaka 1890 hakukaa akachagua bei chee. Alichaguliwa, mezani Brussels, na watu wasiojua hata Tabora iko upande gani. Sisi leo tunabishana tukinywa chai kwa sababu tuna nafasi ya kuchagua. Basi tuchague kwa akili, si kwa sifa wala kwa ubahili.

Haya wadau, huo ndio msimamo wangu. Kambi zote mbili mnakaribishwa kunipiga, ila kwa hoja tu tafadhali! Tukijaliwa tutaonana wiki ijayo.