VIOO VYEUSI: MSUMENO UKATE NA SHANGINGI LA KIGOGO!

Wazee walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wetu wa barabarani una meno upande mmoja tu, nao ni upande wa mlalahoi!

Njoo huku Mpepai, Mbinga, msimu wa kahawa. Kijana wa bodaboda aliyebeba gunia kwenda mjini akisimamishwa na trafiki hukaguliwa kofia, leseni, bima, mpaka taa ya nyuma. Kosa moja Sh. 10,000. Tena ashukuru, maana kabla ya Julai 2021 alitozwa Sh. 30,000 sawa na mwenye gari. Nyuma yake linapita shangingi lenye vioo vyeusi tii, huoni dereva wala abiria. Trafiki anapiga saluti! Anampigia nani? Hata yeye hajui. Anasalimia giza.

Wewe wa Songea, Mbeya au Manzese, usidhani haya ni mambo ya wenye magari. Yanakuhusu wewe unayekwenda kwa miguu. Ukitaka kuvuka barabara, au ukikutana na gari kwenye kona za milima ya Mbinga kushuka Mbamba Bay, unamtazama dereva usoni ujue kama amekuona. Kwenye kioo cheusi utatazama nini? Na usiku ndiyo balaa, maana karatasi ile inamnyima dereva mwanga ambao ungemwonyesha mtoto wa mtu kando ya njia.

Lakini zito zaidi ni roho za watu. Novemba 21, 2017, mwandishi Azory Gwanda alitoweka Kibiti. Mkewe alieleza kuwa alimwona mara ya mwisho akiwa na watu ndani ya Land Cruiser nyeupe. Septemba 6, 2024, Ali Mohamed Kibao, kada wa CHADEMA, alishushwa kwenye basi Tegeta, Dar es Salaam, mbele ya abiria wenzake. Kesho yake maiti yake ikaokotwa Ununio. Jirani zetu Uganda, wakati wa uchaguzi wa 2021, waliona Hiace zenye vioo vyeusi, nyingine bila namba, zikizoa vijana wa upinzani. Wakazibatiza jina la "drone".

Sisemi kioo ndicho kinachoteka. Nasema gari lisiloonekana ndani ni rafiki wa mtekaji. Awe jambazi au awe mtu wa dola, shahidi aliyesimama barabarani atakosa la kueleza mahakamani.

Watasema jua ni kali. Sawa, lakini zipo karatasi nyepesi zinazopunguza joto na sura ya mtu bado ikaonekana. Watasema wakubwa wanahitaji ulinzi. Sawa, Rais alindwe. Je, na mkurugenzi? Na mfanyabiashara rafiki wa mkurugenzi? Na shemeji yake?

Uingereza hawabishani barabarani. Kanuni zao za 1986 zimetaja namba: kioo cha mbele kipitishe mwanga asilimia 75, vya milango ya mbele asilimia 70, vya nyuma shauri lako. Polisi ana chombo cha kupimia. Huku kwetu kipimo ni jicho la trafiki, na jicho lenye njaa halina uaminifu. Kioo kilikuwa cheusi, ukipenyeza noti kinageuka cheupe!

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, kanuni itaje kiwango cha mwanga kwa namba, na trafiki apewe kipimo. Pili, kiwango hicho kilifunge gari la serikali kama linavyofungwa gari la muuza mitumba. Tatu, gari lolote linalokwenda kukamata mtu liwe na namba halali na waliomo wajitambulishe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamtaka anayekamata amweleze anayekamatwa sababu. Atamwelezaje akiwa amejificha nyuma ya karatasi nyeusi?

Kijana, ukimwona mgombea anakuja kuomba kura ndani ya kioo cheusi, mwambie ateremshe kioo kwanza. Asiyetaka umwone leo, kesho utamdai wapi?