Tasnifu ya Mkakati wa Biashara: Lango la Usomi au Tiketi ya Ajira?

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya iliiweka shahada ya uzamifu kuwa sifa ya msingi ya mhadhiri. Tangu hapo limezuka swali zito: je, tasnifu ni lango la usomi au ni tiketi ya ajira tu? Taaluma ya mkakati wa biashara inatoa jibu linalowafaa hata wanafunzi wa Kiswahili.

Mnamo 1968, Henry Mintzberg alihitimu uzamifu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani. Kwa ajili ya tasnifu yake aliwafuata wakurugenzi watano kazini, kila mmoja kwa juma zima, akinakili walichokifanya. Vitabu vya wakati huo vilimchora meneja kama mtu anayepanga na kuratibu kwa utulivu. Alichokiona Mintzberg ni kazi ya vipande vipande, inayokatizwa kila mara na kutekelezwa zaidi kwa mazungumzo. Utafiti huo ulizaa kitabu mwaka 1973, ukawa pia msingi wa maisha yake ya kitaaluma katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada.

Kinyume chake ni tasnifu inayochukua kielelezo cha Michael Porter cha nguvu tano za ushindani, kilichochapishwa mwaka 1979, ikakibandika juu ya kampuni ya Nairobi, ikasambaza hojaji na kuhitimisha kwamba kielelezo kinafaa. Mwandishi wake hupata cheo, ila hapati swali la kumwongoza katika miaka ishirini ya uhadhiri.

Si kwamba maswali yamekwisha. Muuzaji wa mitumba Gikomba anapotenga "kamera", yaani nguo za daraja la kwanza, na "fagia", yaani mabaki ya bei ya chini, huwa amekwisha kuamua kuhusu bei, wateja na wakati. Huo ni mkakati, nao umehifadhiwa katika msamiati ambao hojaji ya Kiingereza haiunasi kwa urahisi. Hapo ndipo mtafiti wa biashara anapomhitaji mwanaisimu wa Kiswahili.

Kwa hivyo, vyuo viwape watahiniwa muda wa kukaa sokoni na kusikiliza, na idara za Kiswahili zishirikishwe katika usimamizi wa tasnifu za aina hiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.