Kichwa cha Ng'ombe na Kiharusi cha Binadamu

Mkulima wa Ibighi, wilayani Rungwe, anapopatwa na kiharusi asubuhi akiwa migombani, jamaa zake huanza kushindana na saa. Kutoka Tukuyu hadi hospitali ya rufaa jijini Mbeya ni mwendo wa kilomita 70 hivi, milima na kona. Muda wote huo bonge la damu limeziba mshipa mmoja wa ubongo, na sehemu iliyonyimwa damu hutegemea vijishipa vinavyounganisha ncha za mishipa mikubwa juu ya uso wa ubongo. Ni kama barabara kuu ifungwapo na maporomoko ya udongo, wasafiri wakapita vichochoroni. Mwenye vijishipa vingi ubongo wake hufa polepole, na huenda akafika akiwa bado wa kusaidiwa. Mwenye vichache huharibikiwa upesi.

Jambo hili si la nchi tajiri peke yake. Uchunguzi uliofanywa nchini kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, hesabu zikisawazishwa kwa umri, kiharusi kiliwapata watu wapatao 109 katika kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam.

Vijishipa hivyo, basi, vichunguzwe katika mnyama gani? Kwa miaka mingi jibu limekuwa panya, kwa kuwa ni rahisi kumfuga. Lakini ubongo wa panya wa maabara una gramu 2 tu, tena hauna mikunjo; wa binadamu hukaribia gramu 1,400, nao umejaa mikunjo. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 za kiharusi zilizokwisha kujaribiwa. Zilizomfikia mgonjwa na kumfaa zilikuwa haba mno.

Ndiyo maana baadhi ya wanasayansi wamegeukia kondoo na nguruwe, ambao ubongo wao una mikunjo. Uamuzi huo ni wa busara, ila una mtego wake. Katika ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, damu itokayo shingoni hupita kwanza katika fundo la vijishipa lililo chini ya ubongo, liitwalo tangu kale "wavu wa ajabu". Binadamu hana wavu huo. Tabibu Galen, katika karne ya 2, aliuona kwa wanyama akafundisha kwamba binadamu naye anao. Kosa hilo likaaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, hata Vesalius alipolikanusha mwaka 1543. Hata leo wavu huo humzuia mtafiti kupenyeza mrija mwembamba kutoka shingoni hadi ubongoni. Hulazimika kufungua fuvu la kondoo ili aubane mshipa, na kufungua fuvu kwenyewe hubadili shinikizo la ndani ya kichwa.

Hoja hapa si kwamba wanyama wakubwa waachwe. Wanahitajika, lakini mnyama achaguliwe kwa kufuata swali linaloulizwa, tofauti zake na binadamu zikijulikana mapema, na maumivu yake yazuiwe kama utu na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 zinavyodai. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na tabibu wa watu peke yake, wala na tabibu wa mifugo peke yake. Tanzania inao wote wawili: Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na Muhimbili. Yafaa waketi meza moja.

Wala shule za sekondari hazina sababu ya kungoja. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe, na kichwa cha mnyama aliyekaguliwa hupatikana buchani bila kuua mnyama kwa ajili ya somo. Mwalimu aliyevaa glavu, fuvu likiisha kukatwa kwa msumeno na ubongo kuondolewa taratibu, atauona wavu huo umebaki kwenye sakafu ya fuvu, kando ya tezi ya pituitari, chini ya utando mgumu. Mwanafunzi akiisha kuushika kwa kibano, aulizwe swali alilokosea Galen: je, binadamu naye anao? Atakayejifunza kutolijibu kabla ya kutazama ndiye atakayefaa kesho kuwatafutia tiba wagonjwa wa Ibighi.