Mwili ni Amana: Swali la Mama Mmoja Kuhusu Tishu ya Titi

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Baada ya sala ya Isha wiki mbili zilizopita, mama mmoja wa mtaa wetu alibaki barazani akitaka kuonana na kamati. Binti yake anaishi Indianapolis, Marekani. Huko wataalamu huwaomba wanawake wenye afya wajitolee kipande kidogo cha tishu ya titi kwa ajili ya utafiti wa saratani. Binti hana maradhi, ila hajamsahau mama yake mdogo, aliyeficha uvimbe kwa kuona haya hadi tiba haikufaa tena. Anataka kujitolea, lakini anachelea kumkosea Mola wake. Mama akatuuliza kwa sauti ya chini: "Ustadh, mwili si amana? Tunaruhusiwa kuumega?"

Swali hilo tumelichukua kwa uzito, tukarejea kwa mashekhe wetu na kwa madaktari, na leo tunawashirikisha wasomaji.

Kwanza, kwa nini itakiwe tishu ya mtu mzima wa afya? Anayetaka kujua chakula kimeharibika vipi, sharti aijue ladha yake kikiwa kizima. Kwa miaka mingi watafiti walitumia tishu iliyo jirani na uvimbe, au iliyotolewa katika upasuaji wa kupunguza matiti, wakiihesabu kuwa salama. Ikadhihirika kwamba mara nyingi nayo ina mabadiliko. Ndipo mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Indiana kilipoanzisha benki ya tishu za matiti yasiyo na ugonjwa, inayojulikana kwa jina la Susan G. Komen. Mwanamke hupigwa ganzi, kisha hutolewa nyuzi chache nyembamba kwa sindano maalumu. Sampuli hugandishwa upesi kwa nitrojeni ya maji. Huandikwa pia umri wake, uzazi wake na siku za hedhi, kwa kuwa titi hubadilika pamoja na homoni.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya matiti, na takriban 670,000 walifariki. Aina yake iliyo kali, isiyo na vipokezi vitatu ambavyo dawa nyingi huvilenga, huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Iwapo benki itajaa tishu za watu wa mataifa mengine pekee, elimu itakayotoka humo itawajua wao kabla ya kutujua sisi. Wanawake wa Kenya nao wamechangia katika benki hiyo, na Chuo Kikuu cha Indiana kimeshirikiana kwa miongo mingi na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Sasa tuje kwenye sheria. Ni kweli, mwili ni amana, wala mtu hana ruhusa ya kuudhuru. Lakini Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu kutafuta tiba, na Suratul-Maida, aya ya 32, imetukuza mno jambo la kuihuisha nafsi moja. Mwaka 1988, mjini Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu kumpa mtu mwingine sehemu ya mwili inayojirudisha yenyewe, kama damu na ngozi, kwa sharti kwamba mtoaji ana akili timamu na ameridhia. Kuuza viungo likakuharamisha. Azimio lile lilihusu kupandikiza. Mashekhe tuliowauliza wamelipima suala letu kwa mizani hiyo, wakaona kuwa inafaa, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kutokuwepo madhara ya maana, kwa ushahidi wa daktari mwaminifu. La pili ni stara. Mgonjwa ana dharura, lakini mtoaji mwenye afya hana. Kwa hiyo ahudumiwe na mwanamke, na asipopatikana, asitoe. La tatu, isiwe biashara. La nne ni idhini ya kweli: aelezwe sampuli itatumikaje, jina lake litafichwa vipi, na kwamba anaweza kujitoa.

Sharti hili la mwisho lisipuuzwe. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, seli za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi aliyekuwa akiugua saratani ya mlango wa kizazi, zilichukuliwa kwa utafiti bila idhini yake. Zilileta manufaa makubwa ya kitabibu duniani, na aila yake ilikaa miaka mingi bila kujua. Manufaa hayahalalishi kuvunja amana.

Tulipomweleza mama hayo, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kama benki hiyo ingejaa zamani, mdogo wangu angepona?" Hatukutaka kumpa faraja ya uongo. Tulimwambia kwamba mdogo wake aliumizwa zaidi na kuchelewa, na kuchelewa kulitokana na haya tuliyomfundisha sisi sote. Kutoa tishu hakumpimi mtoaji wala hakumkingi. Mwanamke anayehisi uvimbe, au kuona ngozi ya titi ikivutika au chuchu ikitoa damu, aende hospitali wiki hii hii, na mume asiwe kizuizi.

Binti yake ameridhia kutoa, baada ya kuhakikishiwa daktari mwanamke. Anakusudia iwe sadaka kwa niaba ya mama yake mdogo. Nasi tunaiombea kabuli, na tunawaombea shifa wagonjwa wote.

Wabillahi tawfiq.