Mkono wa Mjenzi Usitolewe Kafara
Katika vijiji vyetu, Bumbuli ikiwa mojawapo ya mifano, shule nyingi hujengwa na mafundi wa hapo hapo kwa nguvu za wananchi. Mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji ndio wasimamizi. Hivyo ni wajibu wao pia kuilinda mikono inayojenga.

Tuchukue bamba la zege la kufunikia shimo la choo. Lenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa sentimita 8 lina uzito wa karibu kilo 190. Katika miteremko ya Usambara, mbebaji mmoja akiteleza, vidole vya wenzake husagwa. Glavu huzuia michubuko. Hazizuii kilo 190.

Kinga yake si ghali. Vishikio vya nondo vitiwe kabla zege halijashika. Bamba liinuliwe kwa mtaimbo na kuteremshwa juu ya vipande vya mbao, ili vidole visibaki chini yake. Amri itolewe na mtu mmoja. Asiwepo mtu upande wa bondeni, na bamba likianguka liachwe lianguke.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Mwananchi anayejitolea hana mwajiri. Je, ndiyo kusema hana mlinzi? Hasha! Msimamizi ndiye mlinzi wake.

Mkulima huyu huchuma chai kwa mkono uleule alioutolea shule. Kumrudisha nyumbani bila vidole ni kujenga darasa na kubomoa kaya.