Siri Ikivuja, Aulizwe Kwanza Mkuu wa Ofisi

Umekuwa mtindo katika ofisi nyingi kwamba taarifa za siri zikivuja, wa kwanza kusakamwa ni karani au mwalimu wa kawaida. Mkuu humwandikia barua kali ya kumtaka ajieleze, kisha hutulia kitini mwake kana kwamba jambo hilo halimhusu. Mtindo huu ni kasumba, na hauna budi kupigwa vita.

Mkoani Mtwara jambo hili linagusa jasho la wakulima. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Jina la mkulima, kilo zake na namba ya akaunti yake ya benki huandikwa katika orodha. Orodha hiyo ikitumwa kutoka Mahurunga au Kilambo, karibu na mto Ruvuma, kwa simu na barua pepe binafsi ya karani, hakuna kufuli la ofisi linaloilinda. Karani akihama, huondoka nayo. Simu ikiibwa wakati wa malipo, tapeli hana haja tena ya kubahatisha: humpigia mkulima, humtajia jina na kilo zake, akajifanya mtu wa benki.

Lakini kwa nini karani alitumia njia hiyo? Huenda hakupewa nyingine, au mkuu wake alimwamuru, "Nitumie upesi kwenye WhatsApp." Na mkuu anayemwachia msaidizi neno lake la siri ili aidhinishe malipo kwa niaba yake, atamfundisha nani usalama?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeitwika taasisi inayokusanya taarifa dhamana ya kuzilinda. Taasisi haina macho wala mikono ila ya wale waliokabidhiwa kuiongoza.

Nchini Uganda, Novemba 2024, Serikali ilikiri Bungeni kwamba akaunti zake katika Benki Kuu zilidukuliwa. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani Februari 2025 alikuwamo Mhasibu Mkuu wa Serikali. Hatia ni juu ya mahakama kuamua, lakini swali halikuishia kwa makarani.

Tena kuwajibika si lazima kuwe na hatia. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya usalama Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Waliotenda walikuwa chini ya dhamana yake.

Hakuna anayedai mkuu ajiuzulu kwa kila simu inayopotea. Linalodaiwa ni kwamba kila mtumishi apewe anwani ya barua pepe ya ofisi, anayehama afungiwe mfumo siku hiyo hiyo, na mkuu awe wa kwanza kutii. Mtumishi aliyepewa chombo na agizo akakaidi, na aadhibiwe. Asiyepewa, aulizwe kwanza aliyemnyima.