Mgomba wa Bustani Usitupwe Baridi Ikiingia

Kila mwaka ifikapo Oktoba, migomba mingi ya mapambo iliyonunuliwa kwa fedha nzuri mwezi Mei hung'olewa katika bustani za Uingereza na kutupwa pamoja na majani makavu. Majira yote ya joto imesifiwa kwa majani yake mapana ya rangi ya damu ya mzee. Baridi inapobisha hodi, inahesabiwa kuwa imekwisha kazi. Mwaka unaofuata hununuliwa mingine. Huu ni ufujaji usio na sababu. Mgomba haukuumbwa uishi miezi mitano.

Ule unaotupwa zaidi ni Ensete ventricosum, hasa aina nyekundu iitwayo Maurelii. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Mwaka 1853 balozi mdogo wa Uingereza huko Massawa alipeleka mbegu zake kwenye bustani ya Kew, London. Huko Ethiopia, mmea huu ni chakula cha watu wapatao milioni 20. Hawali ndizi zake. Hukwangua shina na kuponda kitako, wakavundika shimoni mpaka vichachuke na kuwa kocho. Mgomba huweka akiba yake humo humo, na akiba hiyo ndiyo inayouwezesha kuvuka majira ya baridi hata ukikatwa majani karibu yote.

Wengi huogopa baridi peke yake, lakini uharibifu mkubwa huletwa na baridi iliyokutana na maji. Kinachoitwa shina la mgomba ni ala za majani zilizokumbatiana, nazo zimejaa maji. Jalidi ikiyagandisha, nyama ya ala hupasuka. Barafu ikiyeyuka hubaki rojo, na uozo huteremka taratibu hadi kwenye moyo. Ensete kwa kawaida haitoi machipukizi, hivyo moyo ukioza hakuna mwana wa kurithi.

Ndiyo maana kazi yenyewe ni kuukausha. Kabla jalidi kali haijaanguka, mgomba huchimbuliwa na udongo hukung'utwa mizizini. Majani yote hukatwa, likaachwa lile changa la katikati ambalo bado limejikunja. Kisha mmea huinamishwa kichwa chini katika banda lisiloingia mvua. Matone huanza kudondoka kutoka kwenye mikato ya majani, na baada ya siku kadhaa ala za nje hunywea na kukauka kama karatasi. Hapo hugeuzwa, mizizi ikafunikwa kwa mboji yenye unyevu kidogo tu, ukawekwa kwenye gereji yenye nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi. Ala inayoanza kuoza humenywa mara moja.

Hakuna haja ya kuwasha hita. Joto bila mwanga wa kutosha huufanya mgomba uchipue majani membamba, yaliyopauka, yanayomaliza akiba bure.

Mgomba wa pili unaopandwa sana, Musa basjoo, asili yake ni kusini mwa China, nao hubaki nje ardhini. Kitako chake kikiwekewa matandazo mazito huvumilia nyuzi 10 chini ya sifuri, na shina likifa machipukizi huota upya. Lakini mwenye kutaka urefu hulilinda shina. Bustani ya Great Dixter, huko Sussex Mashariki, ni mfano mzuri. Mwaka 1993 mwenye bustani, Christopher Lloyd, na mtunza bustani wake mkuu, Fergus Garrett, waliing'oa sehemu ya mawaridi hapo na kupanda mimea yenye sura ya nchi za joto, na migomba yake hufungwa kwa kangaga kavu majira ya baridi. Nyumbani, wavu wa waya uliojazwa nyasi kavu na kuezekwa juu hufanya kazi hiyo hiyo.

Atakayesema hana nafasi aangalie tena: mgomba uliokatwa majani hutosha kwenye kona ya gereji au chini ya ngazi. Faida yake huonekana mwaka wa pili. Mgomba uliohifadhiwa huanza msimu na kitako kinene, ukatoa majani makubwa kuliko ya mche mpya wa dukani.

Wauzaji wana deni hapa. Mmea unaouzwa ukiwa na kibandiko cha picha na bei ungeweza pia kubeba maelezo machache: uchimbuliwe kabla ya jalidi, ukaushwe, upandwe chunguni mwezi Machi na kutolewa nje mwishoni mwa Mei. Halmashauri zinazopanda migomba katika bustani za umma nazo zinapaswa kuitengea banda, na pale ambapo haliwezi kupatikana, ziwaalike wakazi kuichukua Oktoba kabla haijaingia kwenye lori la taka.